Historia ya Parafujo Moja

Nimefundisha historia kwa muda wa miaka mingi, na katika muda huo nimewaeleza vijana habari za Wareno waliojenga ngome Mombasa, za reli iliyofika ziwani, na za vita vikuu viwili vya dunia. Lakini sikupata kujua ya kuwa mambo hayo yote yaweza kukaa pamoja ndani ya tundu lisilopita upana wa penseli, hata siku ile niliposhindwa na parafujo ya keria.

Keria, kwa msomaji asiyezoea usemi wa barabarani, ni ile chanja ya vyuma inayofungwa juu ya paa la gari ili kuchukua mizigo. Jirani yangu, mwenyeji wa upande wa Nyamira, ana gari dogo la Kijapani ambalo hulitumia kupeleka ndizi katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Jioni moja ya masika aliona kwamba mguu mmoja wa keria yake umepasuka pale ulipochomelewa. Ndizi zilikuwa zimekwisha kukatwa, na mnunuzi alikuwa ameahidi kuzipokea kesho yake kabla ya jua kutua. Baada ya hapo lori lake lingeondoka kwenda Nairobi, na ndizi zingebaki kuiva mikononi mwa mwenyewe. Kwa upande mwingine, mtu yeyote aliyeziona barabara za Gusii, jinsi zinavyopanda na kushuka na kujipinda ubavuni mwa vilima, atafahamu kwa nini jirani yangu hakuthubutu kupakia mikungu juu ya keria yenye miguu mitatu. Watoto hutembea kando ya barabara zile wakienda shule.

Keria haikuweza kuchomelewa ikiwa juu ya gari, maana cheche zingeunguza rangi ya paa na kitambaa cha dari. Ilipasa ishushwe kwanza. Nilimwona jirani yangu amefadhaika, nikajitolea kumsaidia. Nilikuwa na bisibisi ya nyota, kama mafundi wetu waiitavyo bisibisi yenye ncha ya msalaba, iliyokaa katika sanduku la jikoni tangu sijui lini. Na kwa kuwa parafujo nne za keria zilikuwa na alama ya msalaba vichwani, nilidhani kazi itakwisha kabla ya chai kupoa.

Nilizungusha ya kwanza. Bisibisi ikaruka. Nikaikandamiza kwa uzito wa mwili wangu wote, ikaruka tena, na safari hii ikatoka na vumbi la chuma linalong'aa. Badala ya kusimama na kufikiri, nilifanya kama wafanyavyo watu wengi walioona haya mbele ya jirani: niliongeza nguvu. Kisha nikaiendea ya pili, na ya tatu, na ya nne. Giza lilipoingia misalaba yote ilikuwa imeharibika, ile ya nne zaidi ya zote, hata tundu lake lilifanana na kikombe kidogo. Keria ilikuwa bado imekaa pale pale ilipokuwa.

Alfajiri yake tulikwenda Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira, kwa fundi mmoja mzee anayefanya kazi yake chini ya kibanda cha mabati kandokando ya barabara. Aliinama juu ya paa, akatazama, akapitisha ukucha juu ya vichwa vya parafujo, kisha akageuka.

"Mwalimu," aliuliza, "ni nani aliyezigusa hizi kabla yangu?"

"Ni mimi, mzee."

Hakunilaumu. Aliingia kibandani akatoka na bisibisi mbili za nyota, akaniwekea kiganjani. "Hizi ni mamoja?" Nikamjibu kwamba ni mamoja. Akanitaka nizitazame tena penye mwanga. Ndipo nilipoona kwamba ncha ya moja ilikuwa ya mviringo kidogo na mabawa yake yamelegea kuelekea chini, na ncha ya nyingine ilikuwa bapa, na pembe zake za ndani kali kama zilizokatwa kwa kisu.

Tofauti hiyo ndogo ina historia yake. Mwanzoni kichwa cha parafujo kilikuwa na mfuo mmoja tu uliokatwa kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili, na bisibisi yake ilikuwa bapa kama ukucha. Mfuo wa namna hiyo una ila: bisibisi huteleza upande, ikachubua kazi au ikamchoma fundi mkono. Mkanada mmoja, Peter Robertson, alibuni mwaka 1908 parafujo yenye tundu la mraba, na katika nchi yake inapendwa hata leo. Mmarekani Henry Phillips, wa mji wa Portland katika jimbo la Oregon, alishika njia ya msalaba. Faida ya msalaba ni kwamba bisibisi hujipeleka yenyewe katikati, jambo linalofaa sana mahali ambapo mashine hufunga maelfu ya parafujo kwa siku. Na mwaka 1936 kampuni ya General Motors ilianza kuutumia katika magari ya Cadillac. Viwanda vingine vikafuata upesi. Lakini kuta za msalaba wa Phillips zimeinama, kwa hiyo nguvu ikizidi kiasi, bisibisi hupanda na kuruka nje. Wajapani nao walipoweka kanuni za viwanda vyao walichagua msalaba unaofanana na huo kwa mtazamo wa haraka, ila umbo lake la ndani ni jingine. Bisibisi ya Kijapani huingia katika parafujo ya Phillips bila matata makubwa. Bisibisi ya Phillips ikitiwa katika parafujo ya Kijapani haifiki chini. Hukaa juu juu, na kila inaporuka hula kidogo ya kile kilichobaki. Mara nyingi parafujo ya Kijapani huwa na kitone kidogo kichwani ili kumwonya fundi. Nilikuwa nimevipita vitone vitatu vya namna hiyo bila kuviona, mimi ambaye kila siku huwahimiza vijana wasome kwa makini.

Fundi alisafisha parafujo ya kwanza kwa mswaki mkuukuu, akasimamisha bisibisi ya Kijapani, akaigonga mgongoni kwa nyundo ndogo ili ikae vizuri, kisha akaizungusha mara moja, polepole, bila kupumzisha nguvu. Parafujo ikalia, ikatoka. Ya pili ikafuata. Ya tatu nilikuwa nimeila zaidi, kwa hiyo alipaka ncha ya bisibisi dawa nzito yenye chengachenga kama mchanga, ile itumiwayo kusagia vali za injini, ili chuma kishike chuma, nayo ikatoka. Jirani yangu akaanza kutabasamu.

Ya nne haikuwa na kitone.

Fundi aliitazama kwa muda mrefu. "Hii si ndugu ya zile," alisema. Kichwa chake kilikuwa kipana kidogo, na mahali ilipogusana na mguu wa keria palikuwa na duara la kutu nyekundu. Akaijaribu mara moja tu, akaiona haina dalili ya kusogea, akaacha. Alichanganya mafuta ya taa na oili kidogo katika kopo, akadondosha matone machache kuizunguka, akaigonga taratibu, akadondosha tena. "Tuipe saa moja," alisema, akaenda kushughulika na baiskeli ya mtu mwingine.

Jirani yangu alitazama jua. Alikwenda akarudi, akahesabu kwa vidole saa zilizobaki, akamwomba fundi apige kwa nguvu. Fundi alimjibu kwa upole kwamba paa la gari ni bati tu, na kwamba nati inayoshika parafujo ile imebanwa katika bati lenyewe. Nyundo kubwa ingebonyeza paa, na nati ikilegea ingezunguka pamoja na parafujo mpaka siku ya kiyama. Hapo ingebidi dari yote ya ndani ifumuliwe. Basi tukakaa juu ya tairi kuukuu tukangoja, nami nikaanza kuwaza juu ya kitu kile kidogo, kilitoka wapi na kilifikaje pale.

Jina lake lilikuja kwa bahari. Parafujo ni neno la Kireno, kama meza na kama gereza. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, wakapokonywa mwaka 1698. Walirudi kwa kitambo mwaka 1728 na kufukuzwa tena mwaka uliofuata. Walikwenda zao, maneno yao yakabaki. Mafundi wa pwani waliolipokea neno hilo walikuwa na ustadi wao wa zamani wa kuunganisha vitu bila chuma. Mtepe, jahazi la Waswahili, ulishonwa mbao kwa mbao kwa kamba ya makumbi ya nazi, ukapasua mawimbi ya bahari bila msumari kupita katika mbao zake. Kamba ikioza hukatwa na kushonwa upya. Sidhani kama yuko mshona mtepe aliyepata kungoja saa moja ili kamba ikubali kutoka.

Huku milimani nako chuma hakikuwa kigeni. Abagusii walichimba mawe yenye chuma katika nchi yao wenyewe, wakayayeyusha, wakafua majembe, mikuki na mapambo. Kazi hiyo ilikuwa ya wanaume, na wahunzi walipata mali na sauti katika baraza. Wala hawakutengwa kuwa ukoo wa peke yao, kama ilivyokuwa kwa makabila mengine mengi ya Afrika. Wakati Waingereza walipoweka kituo chao Kisii mwaka 1907, ni chuma kilichojibu: Januari mwaka 1908 kijana Otenyo alimchoma kwa mkuki mtawala wao, Northcote. Northcote alipona. Waingereza walileta askari na bunduki za mzinga, wakachoma nyumba na kuchukua mifugo, na Otenyo akauawa. Baada ya hayo yakaja majembe ya kiwandani yaliyouzwa kwa bei nafuu katika maduka, na moto wa wahunzi ukaendelea kupungua. Jembe la zamani na mpini wake vilishikana kwa kukazwa tu, na kila mkulima alijua jinsi ya kuvitenganisha. Chuma kilichokuja sasa kilikuwa na meno.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii, nami naomba uvumilivu wa msomaji. Parafujo si msumari. Mwilini mwake mna mfereji unaouzunguka kama njia ipandayo mlima, na nati yake ina mfereji unaolingana nao. Zamani fundi alichonga mifereji hiyo kwa mkono, na kila parafujo ilikubali nati yake tu, ukizichanganya, zinakataana. Mwishoni mwa karne ya 18, Mwingereza Henry Maudslay alitengeneza mashine iliyoweza kuchonga mifereji sawasawa. Lakini kila karakana iliendelea kuwa na mifereji yake. Mwanafunzi wake mmoja, Joseph Whitworth, alikusanya parafujo za karakana nyingi, akazipima, akatafuta wastani wake, na mwaka 1841 akapendekeza kanuni moja kwa Uingereza nzima: pembe ya meno iwe nyuzi 55, na idadi ya meno katika kila inchi iwe imekwisha kuamuliwa kwa kila unene. Makampuni ya reli yalikuwa ya mbele kuikubali. Kwa njia hiyo nati iliyotengenezwa mji mmoja ikaingia katika parafujo ya mji mwingine, jambo ambalo leo tunaliona dogo kwa sababu limekwisha kufanyika.

Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers naye akatoa kanuni kwa ajili ya nchi yake, pembe ya nyuzi 60. Nchi za Ulaya zilizopima kwa mita zikawa na yake. Reli ya Waingereza iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na pamoja nayo zikafika spana za inchi na mafundi waliozijua. Laiti Whitworth angaliiona reli hiyo angalicheka kidogo: upana wa njia yake ulikuwa mita moja kamili, na nchi iliyoijenga ilihesabu kila kitu kingine kwa inchi.

Gharama ya kutopatana ilionekana waziwazi katika Vita Vikuu vya Pili. Majeshi ya Uingereza na ya Marekani yalipigana upande mmoja, yakitumia vifaa ambavyo parafujo zake hazikuingiliana; gari lililoharibika jangwani halikuweza kupewa nati ya rafiki. Vita vilipokwisha, mataifa ya Marekani, Uingereza na Kanada yalikutana Washington, na mwezi wa Novemba mwaka 1948 yakatia sahihi mapatano ya kutumia meno ya namna moja. Lakini meno hayo nayo yalikuwa ya inchi. Sehemu kubwa ya ulimwengu ilikuwa ikielekea kwenye milimita, na katika miaka ya 1960 Uingereza yenyewe ikaanza kuelekea huko.

Yote hayo yalipita Keroka. Malori ya Kiingereza yaliyochukua kahawa na pareto yalifungwa kwa inchi. Peugeot za Kifaransa zilizokuja baadaye, zile 404 zilizoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963 na tena mara tatu kutoka 1966 mpaka 1968, zilifungwa kwa milimita. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni za usafiri zilizodaiwa hapo kwanza, na magari ya kila asili yakajaa barabarani. Baadaye magari ya Kijapani yakaja kwa wingi, na leo gari aina ya Probox, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, ni kama mbuzi katika vilima hivi: huliona kila mahali, na daima amebebeshwa kuliko umbo lake.

Paa nalo lilibadilika. Magari ya zamani yalikuwa na mfereji wa maji ukingoni mwa paa, na keria ilining'inizwa juu ya mfereji huo kwa vibano. Kuifunga hakukuhitaji tundu lolote. Katika miaka ya 1980 na baadaye, watengenezaji walianza kuuondoa mfereji ili gari lipasue upepo vyema na lipendeze. Keria ikakosa pa kushika. Ndipo parafujo zilipopanda paani, na paani ndipo mvua inapoanzia. Nchi ya Gusii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na ni nadra kupita mwezi mkavu kabisa. Maji hukaa chini ya kichwa cha parafujo, chuma huota kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hujaza mifereji na kukaza kile ambacho mtu alikikaza kwa mkono tu.

Tena nilimtazama fundi mwenyewe. Aliniambia kwamba hakuingia darasa la ufundi hata siku moja. Alianza kwa kushika spana za mtu mwingine na kuambiwa "lete namba kumi," na alipoleta namba tisa alirudishwa. Wataalamu wa Shirika la Kazi la Kimataifa waliotoa taarifa juu ya Kenya mwaka 1972 waliandika kwamba watu wa kazi za namna hii huzalisha mali na hustahili kusaidiwa badala ya kusumbuliwa. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo. Kuisoma ni kitu kimoja, na kukaa juu ya tairi ukimtazama mtu anayejua ni kitu kingine.

Saa ikatimia. Msalaba wa parafujo ya nne haukuwa na kitu cha kushika, kwa hiyo fundi alichukua kipande cha msumeno wa chuma, akakifungia kitambaa upande mmoja, akakata mfuo mpya katikati ya kichwa kwa uangalifu mwingi, asiguse paa. Kwa kufanya hivyo aliirudisha parafujo nyuma mpaka siku za kabla ya Phillips. Kisha akatwaa bisibisi bapa yenye shina la pembe nne, akalikamata shina kwa spana, akakandamiza kwa kifua, akasukuma.

Ikasogea. Jirani yangu akapiga kelele ya furaha, lakini fundi aliachilia mara moja.

"Mwalimu, wewe hukosi chaki."

Nilimpa kipande kilichokuwa mfukoni. Alichora mstari juu ya kichwa cha parafujo na mwingine juu ya mguu wa keria, kisha akapima kwa ukucha nafasi iliyokuwa baina ya kichwa na mguu. Alitaka kujua ni parafujo iliyozunguka au ni nati yake. Akasukuma robo mzunguko, akapima tena. Nafasi ilikuwa imeongezeka kidogo, kiasi cha unene wa karatasi chache. "Inapanda," alisema. Tangu hapo hakuifungua moja kwa moja. Aliifungua kidogo, akaikaza kidogo, akatia tone la mafuta, akaifungua tena. Kila ilipolia alirudi nyuma. Ilichukua muda mwingi kuliko parafujo tatu za kwanza pamoja, na ilipotoka ilikuwa na moto, na meno yake yamepondwa kama meno ya mzee.

Akaipangusa, akaisimamisha ubavuni mwa moja ya zile tatu, meno kwa meno, akaziinua zote mbili kuelekea mwangani, akaniita nitazame. Parafujo mbili za jamii moja zikiwekwa hivyo, meno ya moja hukaa katika mabonde ya nyingine, na mwanga haupiti. Hizi zilikaa pamoja mwanzoni, zikaachana, zikagongana vilele kwa vilele. Mwanga ulipita.

Ile ya Kijapani ilikuwa ya milimita 6, na kutoka jino mpaka jino ni milimita moja. Ile iliyokataa ilikuwa ya robo inchi, yaani milimita 6 na sehemu 35 katika mia, nayo ilikuwa na meno 20 katika inchi, yaani milimita moja na robo, na kidogo zaidi, kutoka jino mpaka jino. Kwa jicho zinafanana. Tofauti ya unene wao ni theluthi moja ya milimita. Mtu fulani, mahali fulani, alipoteza parafujo ya gari hili, akachagua katika kopo la parafujo kuukuu ile iliyoelekea kutosha, na ilipokataa kuingia aliikaza kwa nguvu mpaka ikajichimbia njia yake yenyewe ndani ya nati isiyokuwa yake. Kutu ilimalizia tu. Bila shaka alikuwa na haraka. Pengine naye alikuwa na ndizi.

Nakiri kwamba nilifurahi kidogo kusikia kwamba si mimi peke yangu niliyekosa. Fundi aliliona hilo usoni pangu. "Yeye aliiingiza kwa nguvu," alisema, "nawe ukataka kuitoa kwa nguvu."

Nati ile sasa haikuweza kuishika parafujo ya milimita 6, wala ya robo inchi. Fundi aliipanua kwa keekee nyembamba ya milimita 6 na sehemu 8 katika kumi, akachonga ndani yake meno mapya ya milimita 8, akapuliza chenga za chuma, akatia grisi. Wakati huo kijana wake alikuwa ameuchomelea ule mguu uliopasuka, akaupaka rangi, na tundu la mguu mmoja likapanuliwa lilingane na parafujo mpya. Keria ikarudi paani. Parafujo zote nne zilipakwa grisi kabla ya kuingia, na tatu kati yake zilikuwa mpya zenye kitone.

Nilidhani kazi imekwisha. Jirani yangu alikuwa amekwisha kuwasha gari. Lakini fundi alimwambia azime, akachovya kijiti katika rangi nyeupe, akapanda juu ya tairi, na kando ya ule mguu mmoja akaandika tarakimu 8.

"Ya nini, mzee?" nikauliza.

"Ya atakayeifungua."

Ndizi zilifika Daraja Mbili saa kumi na moja kasoro robo. Mnunuzi alikuwa bado hajaondoka.